UZI: Hujui tena wewe ni nani kikazi? Tulitenganishe swali kabla ya kukimbilia jibu

Dira_Mpya (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kilio kimoja kinajirudia: "nimechoka na fani yangu", "kazi yangu inachukuliwa na mashine", "nimesomea hiki lakini sijioni humo". Majibu nayo ni yaleyale: soma kozi, anza biashara, vumilia. Hayasaidii kwa sababu ndani ya kilio hicho mna maswali matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni la soko: kazi hii itaendelea kuwepo na kulipa? La pili ni la kufaa: kazi ipo, ila inanifaa? La tatu ni la utambulisho: nikivuliwa cheo hiki, nabaki nani? Mwenye swali la utambulisho akipewa kozi atarudi na cheti cha tatu na hofu ileile. Mwenye swali la soko akipewa maneno ya kumtia moyo atalala vizuri siku mbili, halafu mkataba wake utaisha kama ulivyopangwa kuisha.

Chukua karatasi. Andika wasiwasi wako kwa sentensi moja, kisha jibu haya kwa maandishi, si kichwani:

1. Nikihakikishiwa kipato hiki kwa miaka 10, wasiwasi utapungua kwa zaidi ya nusu? Kama ndiyo, swali lako ni la soko.
2. Nikipewa kazi hiihii chini ya msimamizi mwingine, kwa saa za kawaida, bado nitataka kuondoka? Kama ndiyo, ni la kufaa. Kama hapana, tatizo ni mahali ulipo. Tafuta idara au mwajiri mwingine kabla hujaigusa fani.
3. Nikitakiwa kujitambulisha bila kutaja cheo, mwajiri wala shahada, ninazo sentensi tatu za kweli? Ukikwama, ni la utambulisho.

Wengi watakuta maswali mawili yameungana. Anza na lile lenye tarehe ya karibu.

Jambo moja litangulie yote: uchovu wa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, ICD-11, iliyopitishwa 2019, linaueleza kama hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, si ugonjwa, na linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi ufanisi umeshuka. Mtu aliye katika hali hiyo ataichukia hata fani aliyoumbiwa. Punguza mzigo kwanza, lala vya kutosha, kisha urudie maswali haya baada ya mwezi. Majibu yakiwa yaleyale, basi ndiyo ya kweli.

---

Mama_Daftari

Uzi mzuri. Naingia kwenye lile swali la tatu, kwa sababu ndilo watu huliruka.

Cheo ni jina, na jina mtu anaweza kukunyang'anya. Unachojua kufanya ni kitenzi, na hicho unaondoka nacho. Kwa hiyo zoezi la kwanza ni kuvigeuza vyeo kuwa vitenzi, na haliwezekani kwa kumbukumbu. Linahitaji daftari la siku 14 za kazi.

Chora safu nne. Ya kwanza: nilifanya nini (kitenzi na kitu chake). Ya pili: kwa ajili ya nani. Ya tatu: dakika ngapi. Ya nne: nguvu zangu baada ya hapo, kuanzia -2 (nimemalizika) hadi +2 (naweza kuendelea). Jaza mara mbili kwa siku, kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kufunga kazi. Siku 14 za kazi zitakupa mistari kama 80 hadi 120, na mistari hiyo inatosha kuonyesha mwelekeo.

Mfano, mtafsiri wa nyaraka za kitabibu. Siku hizi analetewa rasimu iliyofanywa na mashine, yeye aihariri. Ukimuuliza kijuujuu atasema "sina kazi tena, mimi si mtafsiri". Daftari lake linaweza kusoma hivi:

- Kusahihisha viunganishi na mpangilio wa sentensi / wakala / dakika 95 / -2
- Kugundua kipimo cha dawa kilichobadilika kutoka "mara mbili kwa siku" kuwa "kila siku ya pili" / mgonjwa / dakika 15 / +2
- Kumwandikia mteja kwa nini istilahi moja itumike katika nyaraka zote / mteja / dakika 30 / +1
- Kujaza fomu ya malipo / wakala / dakika 40 / -1

Tazama safu ya nne. Kinachommaliza ni kupiga pasi lugha ya mashine. Kinachomjaza nguvu ni kulinda usalama wa mgonjwa na kusimamia istilahi. Hizo ni kazi zenye majina yake sokoni: uhakiki wa ubora, usimamizi wa istilahi, ukaguzi wa nyaraka za kitabibu. Alidhani amepoteza utambulisho, kumbe kilichopotea ni sehemu moja ya kazi zake nne.

Yanayoharibu daftari: kuandika "kikao" badala ya ulichofanya kikaoni (ulipatanisha, ulieleza, ulinyamaza saa nzima?); kujaza Ijumaa jioni kwa wiki nzima, maana hapo unaandika hasira ya Ijumaa; na kupima katika wiki isiyo ya kawaida, kama wiki ya kufunga hesabu kwa mhasibu au ya kusahihisha mitihani kwa mwalimu.

---

Swali_Langu

Mama Daftari, asante. Sasa mtu aliyesomea fani miaka 5 au 6, yenye leseni, akiona daftari linamwelekeza kwingine, hiyo miaka si inapotea bure?

---

Dira_Mpya

Miaka hiyo imeshalipwa, ukikaa au ukiondoka. Unachoamua ni miaka ijayo tu.

Ila kuna kitu kingine ndani ya swali lako. Mwanasaikolojia James Marcia, mwaka 1966, akijenga juu ya kazi ya Erik Erikson, alizipanga hali za utambulisho kwa vigezo viwili: je, mtu amechunguza njia mbalimbali, na je, amejifunga, yaani ameamua kushika njia moja? Kuna aliyejifunga bila kuchunguza: fani alichaguliwa na wazazi au na alama za mtihani. Kuna anayechunguza bila kujifunga bado. Huyu wa pili ndiye anayejiona amepotea, na huyu wa kwanza ndiye anayeonekana amefika. Aliyejifunga bila kuchunguza mara nyingi anakuja kulifanya zoezi hilo akiwa na miaka 35 au 45, na anadhani ameharibikiwa. Anafanya tu kazi iliyorukwa.

Upande wa vitendo: usiiache leseni ife. Kabla hujatoka kwenye taaluma inayosajiliwa (uuguzi, uhasibu, uhandisi, sheria, ualimu) uliza bodi yako mambo manne kwa maandishi: ada ya mwaka, saa za mafunzo endelevu zinazohitajika, kama kuna daraja la mwanachama asiyefanya kazi, na ukipitwa na muda unarudishwaje. Kuirudisha leseni iliyokufa mara nyingi ni kugumu kuliko kuitunza, maana unaweza kutakiwa kufanya mtihani au mazoezi upya. Leseni iliyo hai inafanya jaribio la miezi sita lisiwe uamuzi wa maisha.

---

Kipimajoto

Naongezea upande wa akili, maana hata mwenye mpango mzuri anakesha.

Tangu 1994 watafiti wa Kanada, akiwemo Michel Dugas, wamekuwa wakipima jambo wanaloliita kutovumilia hali ya kutojua. Watu wawili wanaweza kuwa na hatari ileile ya kupoteza kazi, mmoja akalala na mwingine asilale. Tofauti yao ni jinsi kila mmoja anavyoibeba hali ya kutojua yenyewe. Asiyeivumilia hutafuta uhakika kwa njia zinazoonekana kama bidii: kufungua matangazo ya ajira kila usiku bila kutuma ombi hata moja, kuuliza watu saba swali lilelile, kufanya vipimo vya haiba mtandaoni kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kinatuliza kwa dakika chache, halafu shaka inarudi na kudai kingine. Ndiyo maana mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima na asiwe na taarifa mpya.

Dawa ya kwanza ni ratiba. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake walijaribu njia hii na ikapunguza wasiwasi: weka dakika 30 kwa siku, saa ileile, mahali palepale, za kuhangaika tu. Wasiwasi ukija nje ya saa hiyo, andika neno moja au mawili na uuahirishe. Saa ikifika, fungua orodha, ligawe kila jambo katika makundi mawili: lenye hatua ninayoweza kuchukua ndani ya siku 7, na lisilo nayo. La kwanza lipewe hatua na siku. La pili liandikwe lilivyo, "sijui kama idara itafungwa", na uliache hivyo. Watu hukosea kwa kuiweka saa hiyo kitandani au karibu na kulala. Iweke alasiri, kwenye kiti usichokitumia kupumzikia.

Ya pili ni kwa waliokwishapoteza kazi. Spera, Buhrfeind na Pennebaker walichapisha mwaka 1994 utafiti juu ya wataalamu walioachishwa: walioandika mawazo na hisia zao za ndani kuhusu kupoteza kazi, dakika 20 kwa siku, siku 5 mfululizo, walipata ajira mapema kuliko wenzao, bila kutuma barua nyingi zaidi. Maandishi hayo usimwonyeshe mtu na usiyahariri. Ukianza kusahihisha tahajia, umeshaacha zoezi.

Na hili tafadhali mlichukulie kwa uzito wake: moyo ukiwa mzito au ukikosa hamu ya kila kitu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku kwa wiki 2, hilo si suala la kazi tena, muone daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie mtu leo hii na utafute huduma leo hii. Usisubiri.

---

Jembe_Kavu

Nakuja kwenye majaribio. Herminia Ibarra, aliyechunguza wataalamu wanaohamia nafasi mpya (makala yake ya 1999), alieleza kwamba watu hujenga nafsi za muda: wanaangalia wengine wanavyofanya kazi, wanajaribu kidogo, kisha wanapima kwa hisia zao na kwa majibu ya watu. Hakuna anayekaa chumbani akatoka na jibu. Utambulisho wa kazi huja nyuma ya vitendo.

Kuna saizi tatu za majaribio, zifuate kwa mpangilio huu.

Mazungumzo, dakika 25. Zungumza na watu 5 wanaofanya kazi hiyo sasa, angalau wawili wawe na mwaka mmoja hadi mitatu tu kazini, kwa sababu mkongwe amesahau mlango aliopitia. Usiulize "unaipenda?" Uliza: "Jumanne iliyopita ulifanya nini, saa kwa saa?" "Ni kipi hufanya wapya waondoke?" "Mwenye historia kama yangu mngemkataa kwa nini?" Watu hawa usiwatafute kwa marafiki wa karibu pekee. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha tangu 1973 kwamba taarifa mpya za ajira huja sana kupitia watu tunaofahamiana nao kidogo, maana rafiki wa karibu anajua unayoyajua.

Kivuli, siku moja au mbili. Kaa pembeni ya mtu akifanya kazi. Peleka daftari la Mama Daftari, jaza safu zilezile kwa kazi zake, na safu ya nne jaza yako.

Kazi ndogo, saa 10 hadi 20. Iwe na mteja asiye ndugu yako, tarehe ya kukabidhi, na mtu mwenye haki ya kuikataa. Bila hivyo vitatu hujapima kazi, umepima burudani.

Kabla ya kuanza andika mistari minne: ninajaribu kujua nini, nitamaliza lini, nikiona nini nitaendelea, nikiona nini nitaacha. Mstari wa nne ndio watu hukwepa, halafu jaribio halina mwisho.

Kosa kubwa ninaloliona kwa wanaohama: wanaijaribu kozi wakidhani wamejaribu kazi. Kujifunza uchambuzi wa takwimu kuna mazoezi safi yenye majibu nyuma. Kazi yenyewe ni kusafisha majedwali yenye majina yaliyoandikwa namna nne na kumbembeleza mtu wa idara nyingine akutumie faili. Anayefurahia kozi na kuchukia jedwali chafu ameshajibiwa.

---

Mwamba_wa_Kati

Wakuu, yote haya ni ya wenye akiba. Mwenye familia na mkataba wa miezi mitatu anajaribu nini?

---

Hesabu_Wazi

Swali la haki kabisa, na jibu lake ni namba.

Orodhesha matumizi ya lazima tu: makazi, chakula, shule, dawa, nauli, madeni. Hayo ndiyo mwezi wako. Muda ulio nao ni akiba gawanya kwa (matumizi ya lazima toa kipato cha pembeni). Tuseme matumizi ni 40, pembeni unaingiza 10, akiba ni 240. Hapo 240 ÷ 30 = miezi 8. Ondoa miezi 2 isiyoguswa kwa ugonjwa na dharura. Umebaki na 6.

Sasa weka mstari katikati, mwezi wa 3. Ukifika hapo bila mwelekeo, unaanza kuomba kazi ya daraja: yoyote halali inayofunika yale matumizi ya lazima na isiyokula saa zako zote. Mbona mapema hivyo? Kwa sababu kutoka kutuma ombi hadi mshahara wa kwanza huchukua wiki nyingi, na mtu anayeomba akiwa amebakiwa na siku 20 hukubali chochote, kwa masharti yoyote.

Hesabu ikikupa mwezi mmoja au pungufu, Mwamba, basi acha majaribio makubwa. Kazi ya daraja kwanza, mazungumzo ya dakika 25 ndiyo jaribio lako pekee kwa sasa, na hayahitaji akiba. Na kazi ya daraja usiisome kama hukumu juu yako. Inalipa chakula wakati swali lingine linatafutiwa jibu.

---

Mwamba_wa_Kati

Hapo nimeelewa. Asante.

---

Mezani_HR

Naongeza la kujieleza, maana hapa ndipo mtu anayehama huangukia. Akiulizwa "unafanya nini?" anaanza na historia, anamaliza na kuomba radhi.

Tumia sentensi tatu: ninachofanya na kwa nani, ushahidi mmoja, ninakoelekea. Kwa yule mtafsiri: "Ninahakiki nyaraka za kitabibu ili mgonjwa asipewe maelekezo yenye kosa. Katika mradi uliopita nilitengeneza orodha moja ya istilahi inayotumika katika nyaraka zote za mteja. Ninahamia kwenye ukaguzi wa ubora." Hakuna uongo, hakuna kuomba radhi, wala hakuna neno "zamani nilikuwa".

Kwenye CV, usifiche tarehe. CV iliyopangwa kwa ujuzi tu bila miaka humfanya msomaji atafute kilichofichwa. Weka ujuzi 3 au 4 juu, kila mmoja na ushahidi wake, kisha historia ya kazi kwa tarehe chini. Pengo liandikwe kwa mstari mmoja: mwaka, na ulichokuwa unafanya.

Kwenye usaili, "natafuta changamoto mpya" haimwambii mwajiri kitu. Anachoogopa ni kwamba utaondoka baada ya miezi sita. Jibu hofu hiyo kwa kueleza majaribio uliyofanya: umezungumza na watu wangapi, umefanya kazi ndogo ipi, umegundua nini kigumu na bado unataka.

---

Mama_Daftari

Kwa wasioondoka: kuna kuibadili kazi ukiwa humohumo. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walilieleza mwaka 2001 kwa njia tatu: kubadili majukumu, kubadili unaoshirikiana nao, na kubadili unavyoitazama kazi. Anza na mistari ya +2 kwenye daftari. Mwombe msimamizi saa 2 tu kwa wiki za kazi hiyo, kwa wiki 6, na umwambie ni kitu gani ataona kikiwa bora. Ombi dogo lenye mwisho hukubaliwa. "Nataka majukumu mapya" huishia kwenye droo.

---

Swali_Langu

La mwisho kwangu. Mtu akimaliza majaribio akabaki na njia mbili zinazolingana, anaamuaje? Hofu ni kuchagua ile isiyo bora.

---

Dira_Mpya

Watafiti Iyengar, Wells na Schwartz, katika utafiti wa mwaka 2006, waliwafuata wahitimu wakitafuta kazi. Waliosaka kilicho bora kuliko vyote walipata mishahara ya kuanzia iliyo juu kwa asilimia 20, na bado waliridhika kidogo kuliko waliotafuta kinachotosha. Kwa hiyo andika vigezo vyako 4 vya "inatosha" kabla ya kuzitazama tena njia zako: kipato cha chini, saa za juu kabisa, angalau theluthi ya muda katika kazi za +1 au +2, na kimoja chako mwenyewe. Njia zote mbili zikivuka, chagua ile ambayo ni rahisi kurudi ukikosea. Zikilingana hata hapo, chagua ile yenye watu ambao ungependa kufanana nao baada ya miaka 5.

Kisha andika tarehe ya mapitio, miezi 6 mbele, na matukio mawili yatakayokufanya upitie kabla ya hapo, mfano mshahara kuchelewa mara 2 au daftari kuonyesha wastani chini ya sifuri. Kati ya sasa na tarehe hiyo, swali la "nilichagua sawa?" likija usiku, lina mahali pake kwenye karatasi na halihitaji kujibiwa usiku huo.

---

Swali_Langu

Na daftari, nilirudie mara ngapi?

---

Mama_Daftari

Siku 5 za kazi kila baada ya miezi 3 zinatosha, katika wiki za kawaida. Zile 14 zirudie tu ukibadilishiwa msimamizi, majukumu au mkataba.